Mgonjwa wa Kifuko cha Maji Anaporudi Kutoka Hospitali



Tukitembelea vikundi mara nyingi tunakuta kwamba harambee ya matibabu ilifanywa vizuri. Pesa zilichangwa, gari likatafutwa, mgonjwa akapelekwa na akapasuliwa. Siku anaporudi chai inapikwa, watu wanaimba, na kitabu cha michango kinafungwa. Kwa magonjwa mengi hakuna ubaya. Lakini kuna ugonjwa mmoja ambao kitabu kikifungwa siku hiyo, mgonjwa anaweza kuharibikiwa huku watu wote wakisema amepona. Ni ugonjwa wa vifuko vya maji kwenye ini, ule ambao kwenye kadi ya hospitali huandikwa haidatidi.

Katika ukurasa huu tutaeleza kwa nini upasuaji wa ugonjwa huu unahitaji kufuatiliwa kwa miaka, ni dalili gani za hatari mtu azijue, na kikundi kifanye nini. Someni pamoja mkutanoni, kisha mjadili maswali yaliyo mwisho.

KWA NINI TUNAANDIKA KUTOKA KIAMAIKO

Kiamaiko iko upande wa Eastlands, Nairobi, jirani na Huruma na Mathare. Ukimwuliza mtu wa jiji Kiamaiko ni wapi, atakwambia, "Kule kwa mbuzi." Malori yanashusha mbuzi na kondoo waliotoka kaskazini, pande za Marsabit, Moyale, Isiolo na kwingineko. Wanachinjwa, nyama inakwenda buchari na hotelini, matumbo na vichwa vinauzwa hapo hapo, na vijana na akina mama wengi wanapata riziki yao kwa kazi hiyo.

Pamoja na mifugo, watu pia wanakuja kutoka kaskazini. Wengine wanakuja kufanya biashara, wengine kuishi na ndugu, na wengine kutafuta hospitali. Ugonjwa huu hukua pole pole sana. Mtu anaweza kuuchukua akiwa mtoto mdogo manyattani, na tumbo lisianze kuvimba mpaka awe mtu mzima anayeuza nguo jijini. Kwa hivyo mtu asiseme, "Huo ni ugonjwa wa wafugaji wa mbali." Tumbo halina mipaka ya kaunti. Na penye machinjio na mbwa wasio na mwenyewe, hatari inaweza kuwa karibu kuliko tunavyofikiri.

Katika Kenya sehemu iliyojulikana zaidi kwa ugonjwa huu ni Turkana. Kwa miaka mingi kaskazini-magharibi ya Turkana ilihesabiwa kuwa na wagonjwa wengi kupita karibu mahali pote duniani. Taarifa ya madaktari iliyotolewa 1982 ilionyesha kwamba huko watu wapatao 220 katika kila watu 100,000 walikuwa wakihitaji upasuaji kila mwaka. Mwaka 1983 shirika la AMREF, lile la madaktari wa ndege, lilianza mpango maalumu wa kuzuia ugonjwa huu huko. Walifundisha watu, walitibu na kupunguza mbwa, walipima matumbo ya watu kwa altrasaundi hata chini ya miti, na walipasua wagonjwa. Kwa miaka iliyofuata idadi ya wagonjwa ilishuka, lakini ugonjwa haukuisha. Mengi tunayoyajua leo kuhusu matibabu yalijifunzwa kwa wagonjwa wa Turkana.

UGONJWA UNAINGIAJE?

Mwanzo wake ni tegu mdogo sana anayeishi ndani ya matumbo ya mbwa. Si yule tegu mrefu wa nyama ya ng'ombe. Huyu ana urefu wa milimita 3 hadi 7 tu, kama punje ya mchele au chini ya hapo. Mbwa mmoja anaweza kubeba maelfu na wala asionekane mgonjwa.

Mayai ya tegu hutoka na mavi ya mbwa. Hayaonekani kwa macho. Yanakwama kwenye manyoya ya mbwa, kwenye udongo, kwenye majani na kwenye maji. Mbuzi, kondoo, ng'ombe au ngamia akila majani hayo, mayai huanguliwa tumboni, yanapita kwenye damu na kukaa kwenye ini au mapafu. Hapo hujenga kifuko chenye maji. Mnyama akichinjwa na mbwa akatupiwa lile ini lenye vifuko, mbwa anapata tegu wapya. Mzunguko unaanza tena.

Binadamu anaingia katikati kwa bahati mbaya. Anashika mbwa, au anashika udongo, kisha anakula bila kunawa. Au anakunywa maji machafu, au anakula mboga ambayo haikuoshwa vizuri. Watoto ndio walio hatarini zaidi kwa sababu wanacheza na mbwa chini na kutia mikono mdomoni.

Hapa tusahihishe mambo mawili ambayo watu hukosea:

Kwanza, binadamu hapati vifuko vya maji kwa kula ini la mbuzi lenye vifuko. Ini hilo ni hatari kwa mbwa, na kupitia mbwa ndipo linatufikia sisi.

Pili, mgonjwa hawezi kumwambukiza mwenzake. Mnaweza kula naye sahani moja na kulala nyumba moja. Hakuna sababu ya kumtenga.

KIFUKO NI KITU GANI?

Fikirini puto lililojaa maji safi kama ya kisima. Puto hilo lina utando mweupe ndani, na kwenye utando huo kuna vichwa vidogo vidogo vya tegu, ambavyo sisi tutaviita mbegu. Mara nyingi ndani ya kifuko kikubwa kuna vifuko vingine vidogo, kama zabibu ndani ya mfuko.

Haya ndiyo mambo mawili ya kukumbuka, maana matatizo mengi ya baadaye yanatoka hapo. Kila mbegu ikimwagika ndani ya tumbo inaweza kuota na kuwa kifuko kipya. Na yale maji yenyewe ni sumu kwa mwili uliokwisha kuyazoea: yakimwagika ghafla, mwili unaweza kushtuka vibaya, mgonjwa akawashwa mwili mzima, pumzi ikabana, presha ikashuka, na akafa kwa muda mfupi.

Ndiyo maana tunasisitiza: mtu mwenye uvimbe wa tumbo asikandwe kwa nguvu, asichanjwe wala kutobolewa na mtu yeyote nyumbani, na asichomwe kwa chuma cha moto. Wazee wetu walifanya hayo kwa nia njema, lakini kwa kifuko cha maji ni hatari kubwa. Hata pigo la mpira au kuanguka kunaweza kukipasua.

SI KILA MGONJWA ANAPASULIWA

Daktari huangalia kwanza picha ya altrasaundi. Kifuko kinapitia hatua mbali mbali, kutoka kile kilicho hai na kujaa maji mpaka kile kilichokauka na kuwa kigumu kama chokaa. Kilichokufa na kisichomsumbua mgonjwa mara nyingi huachwa na kuangaliwa tu kwa picha mara kwa mara. Kwa hivyo daktari akisema, "Huyu tutamngoja," msifikiri amewafukuza.

Kidogo kilicho hai huweza kutibiwa kwa vidonge peke yake. Kingine hutobolewa kwa sindano ndefu huku daktari akiangalia kwa altrasaundi: anavuta maji, anatia dawa ya kuua mbegu, kisha anavuta tena. Njia hii pia ilitumika Turkana. Haifai kwa kila kifuko, na inafanywa hospitalini tu, mahali penye dawa za kuokoa mgonjwa akishtuka.

Kikubwa sana, kinachokaribia kupasuka, chenye usaha, au kilichofungua njia kwenye mirija ya nyongo, ndicho kwa kawaida hupelekwa kwa kisu. Daktari anazungushia ini vitambaa vilivyoloweshwa dawa ili maji yasienee, anavuta maji, anaua mbegu, anaondoa utando. Pengine anakata kipande cha ini pamoja na kifuko chote. Mara nyingi shimo linabaki mahali kifuko kilipokuwa, na mrija wa mpira unaachwa ubavuni ili uchafu utoke.

MATATIZO YANAYOWEZA KUFUATA

Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba, kwa wastani, katika kila wagonjwa 100 wanaopasuliwa kwa ugonjwa huu wapatao 2 hufa baada ya upasuaji, na kati ya 6 na 7 katika kila 100 waliotibiwa hurudiwa na ugonjwa. Maana yake ni kwamba wengi wanapona. Tusiwatishe watu wakakataa hospitali. Lakini wale wachache ni mama zetu na watoto wetu, na wengi wao wangeweza kusaidiwa wakiwahi. Matatizo yenyewe ni haya:

1. Nyongo kuvuja. Ini ndilo linalotengeneza nyongo, na kifuko kikubwa hula kuta za mirija yake. Kikishaondolewa, nyongo inaweza kuvuja kwenye shimo. Utaona maji ya kijani-manjano yakitoka kwenye mrija wa ubavuni au kwenye mshono. Kwa wengi uvujaji hupungua na kukoma wenyewe baada ya siku au wiki kadhaa. Usipokoma, kuna matibabu: daktari hupitisha kamera ndefu mdomoni mpaka kwenye mlango wa nyongo na kuifungulia njia. Nyongo ikivuja ndani ya tumbo bila kutoka nje, tumbo linakuwa gumu na kuuma sana. Hapo hakuna kungoja kesho.

2. Usaha kwenye shimo. Shimo lililobaki likijaa maji au nyongo na kuingiwa na wadudu, linageuka jipu la ndani. Mgonjwa anapata homa, anatetemeka, anatoka jasho usiku, anaumwa upande wa kulia chini ya mbavu, wakati mwingine mpaka begani. Hamu ya chakula inakwisha. Watu wengi husema, "Ni malaria," na kununua dawa ya duka. Pimeni malaria, sawa, lakini mwambieni daktari kwamba huyu alipasuliwa ini.

3. Macho ya manjano. Kipande cha utando au kifuko kidogo kikiteremka na kuziba mrija wa nyongo, macho yanakuwa manjano, mkojo unakuwa mweusi kama chai ya rangi, choo kinakuwa cheupe, na ngozi inawasha. Ikija pamoja na homa na kutetemeka, ni hatari ya siku hiyo hiyo.

4. Mshono na kifua. Kidonda kinaweza kuota usaha kama kidonda chochote. Kwa kuwa ini limeegemea chini ya pafu la kulia, maji yanaweza kujaa kifuani, mgonjwa akakohoa na pumzi ikawa fupi. Na mtu akianza kubeba mizigo mapema, nyama za tumbo zinaachana kwenye mshono na ngiri inatokea.

5. Ugonjwa kurudi. Hili ndilo linalochukua muda mrefu kuonekana. Laweza kutokea baada ya mwaka mmoja, laweza kutokea baada ya miaka mingi, na mgonjwa asisikie kitu chochote mpaka uvimbe uwe mkubwa.

KURUDI KWA UGONJWA SI UCHAWI

Tatizo la tano tulieleze zaidi, kwa sababu linavunja familia. Mtu amepasuliwa, amepona, baada ya miaka mitatu tumbo linavimba tena. Maneno yanaanza. Wengine wanasema amerogwa na jirani. Wengine wanasema, "Madaktari walikula pesa zetu, hawakutoa kitu." Wengine wanamwambia asirudi tena kule.

Ukweli ni kwamba ugonjwa unarudi kwa njia tatu zinazoeleweka. Mbegu chache zilimwagika wakati wa upasuaji, au kabla yake kifuko kilipopasuka kidogo bila mtu kujua. Au kulikuwa na kifuko kingine kidogo sana ambacho hakikuonekana. Au mgonjwa alirudi kwenye boma lile lile, mbwa wale wale, akameza mayai mapya. Hakuna kati ya haya linalohitaji mganga. Yote matatu yanahitaji picha ya altrasaundi kwa wakati wake, na la tatu linahitaji sisi wote tubadili mambo ya mbwa.

Kifuko kilichorudi kikigunduliwa kikiwa kidogo, mara nyingi vidonge au sindano vinaweza kutosha. Kikigunduliwa kikiwa kikubwa, upasuaji wa pili ni mgumu kuliko wa kwanza, kwa sababu nyama za ndani zimeshikana. Tofauti hiyo inaletwa na nauli ya kwenda kupigwa picha.

VIDONGE VYA ALBENDAZOLI

Wengi wetu tunaijua albendazoli kwa sababu watoto wa shule hupewa kidonge kimoja cha kuua minyoo. Hapo ndipo watu wanapokosea. Mgonjwa wa kifuko hanywi kidonge kimoja. Kwa kawaida huanza kunywa kabla ya upasuaji na kuendelea mwezi mmoja au zaidi baada yake, kila siku, kwa kipimo cha daktari. Anayetibiwa kwa vidonge peke yake hunywa kwa miezi. Tukumbuke haya:

(a) Anywe pamoja na chakula chenye mafuta kidogo, kama maziwa, nyama au mboga iliyokaangwa. Akinywa na tumbo tupu, dawa nyingi inapita bure bila kuingia mwilini.

(b) Asiache kwa sababu anajisikia vizuri. Mbegu hazina maumivu.

(c) Apimwe damu kama daktari alivyoagiza. Dawa hii inaweza kulisumbua ini na kupunguza chembe nyeupe za damu. Nywele zikinyonyoka, homa ikija au macho yakiwa manjano, arudi haraka.

(d) Mama mjamzito asiinywe kwa ugonjwa huu bila daktari kuamua, hasa miezi ya kwanza. Mwanamke anayeinywa azungumze na kliniki kuhusu kupanga ili asishike mimba wakati wa dawa na mwezi mmoja baada ya kumaliza. Jambo hili aelezwe na mume wake pia.

(e) Asiongeze wala kununua mwenyewe kwenye duka la dawa kwa sababu jirani amesema.

KUMTUNZA NYUMBANI

Mgonjwa akiruhusiwa, asiondoke kabla ya kuuliza maswali manne: Mrija utatolewa lini na nani? Dawa zinywewe mpaka tarehe gani? Nirudi lini? Nikiona shida usiku niende wapi? Aombe majibu yaandikwe kwenye kadi. Daktari mwema hachukizwi na maswali.

Akiwa bado na mrija, mfuko wake ukae chini kuliko ubavu, hata akilala. Usivutwe wala kufungwa fundo. Anayemtunza anawe mikono kwa sabuni, amwage mfuko kila siku, na aandike kwenye daftari ni kiasi gani na rangi gani. Daftari hilo la shilingi chache linamsaidia daktari kuliko maneno mengi. Mrija ukichomoka, msiurudishe. Funikeni kwa kitambaa safi na mwende hospitali.

Mshono usipakwe majivu, mafuta, dawa ya mitishamba wala mavi ya ng'ombe. Ukae safi na mkavu.

Kwa wiki kama sita asibebe mtungi wa lita 20, asipasue kuni, asibebe mzoga wa mbuzi mgongoni. Lakini asilale kitandani siku nzima. Atembee kidogo kidogo na avute pumzi ndefu, ili kifua kisijae maji. Ale chakula cha kujenga mwili: maharagwe, mayai, maziwa, nyama, mboga na matunda.

Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo akiona moja kati ya haya: homa na kutetemeka, macho ya manjano, tumbo gumu linalouma, usaha au damu kwenye mshono, nyongo inayoongezeka badala ya kupungua, au mrija ulioacha kutoa ghafla huku maumivu yakianza, pumzi fupi, kutapika kusikokoma, au kuwashwa mwili mzima pamoja na kizunguzungu.

Baada ya hapo ni picha za altrasaundi. Kwa kawaida hufanywa kila baada ya miezi kadhaa mwaka wa kwanza na wa pili, kisha mara moja kwa mwaka, kwa miaka mitano au zaidi. Ndiyo, miaka mitano au zaidi, hata kama hasikii kitu.

TUCHUKUE MFANO

Tuseme kuna mama mmoja, mwanachama wa kikundi, anayeosha na kuuza matumbo. Amepasuliwa, amekaa hospitali wiki mbili, amerudi. Wiki ya tatu anapata homa za jioni. Anaogopa kusema, kwa sababu kikundi kimeshamchangia pesa nyingi, na anaona aibu kuomba tena. Anakunywa dawa za maumivu na anarudi kazini ili alipe deni la kodi. Wiki ya tano anabebwa kwa mkokoteni mpaka barabarani, macho manjano, hajitambui.

Mama huyu hakukosa akili. Alikosa watu wa kumwuliza, "Jana usiku ulilalaje?" Sasa tuseme kikundi hicho hicho kilikuwa kimemchagulia wenzake wawili wa kumtembelea mara mbili kwa wiki. Ile homa ya kwanza ingejulikana siku ya pili. Angerudishwa hospitali akitembea kwa miguu yake, jipu likatolewa kwa sindano na mrija, akapewa dawa. Pengine ndiyo ingekuwa gharama yote.

Tunaona hapa kwamba aibu ya kuomba mara ya pili ni ugonjwa juu ya ugonjwa. Dawa yake ni kikundi kupanga mapema kwamba pesa za upasuaji na pesa za kufuatilia ni mchango mmoja.

KIKUNDI KIFANYE NINI?

1. Harambee ikipangwa, gaweni hesabu sehemu mbili tangu mwanzo: ya upasuaji, na ya mwaka wa kwanza baada yake, yaani nauli, picha, vipimo vya damu na vidonge. Sehemu ya pili isiguswe kwa kazi nyingine.

2. Chagueni watembezi wawili, mmoja wao awe mwenye kuweza kusoma kadi. Wawasiliane na mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa wenu.

3. Wekeni daftari la mgonjwa lenye tarehe za kurudi, na mwekahazina asome tarehe hizo katika kila mkutano.

4. Hakikisheni mgonjwa na familia yake wameandikishwa SHA. Tangu Oktoba 2024 SHA ndiyo iliyochukua nafasi ya NHIF, na mwenye kadi ya zamani asidhani inatosha. Ulizeni hospitali mapema ni nini kinalipwa na nini hakilipwi.

5. Pelekeni wengine wa nyumba ile wakapimwe tumbo kwa altrasaundi, hasa watoto. Waliishi na mbwa wale wale.

6. Mgonjwa akihama, abebe karatasi zake zote. Mtu akitoka Marsabit kuja Kiamaiko bila karatasi, daktari mpya anaanza gizani.

NA MBWA JE?

Tukimaliza nguvu zetu kwa upasuaji na kuacha mbwa wakila maini, tutachanga kila mwaka. Kazi ya kuzuia ni rahisi kuisema, ngumu kuishika, lakini inawezekana.

Mkaguzi wa nyama akikataa ini lenye vifuko, litupwe kwenye shimo refu lenye kifuniko, au lichomwe kabisa. Lisiuzwe kwa bei ya chini kwa mwenye mbwa, na lisitupwe mferejini. Anayetaka kumpa mbwa matumbo au maini ayachemshe nusu saa au zaidi. Nyumbani sikukuu zikifika na mbuzi akachinjwa uani, watoto wafundishwe kutomrushia mbwa ini bichi.

Mbwa wapewe dawa ya tegu, ile iitwayo prazikwanteli, kupitia kwa daktari wa mifugo. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau mara nne kwa mwaka. Mavi ya siku zinazofuata yafukiwe, maana ndiyo yenye tegu na mayai. Mbwa wasio na mwenyewe ni jambo la kupeleka kwa chifu na kwa kaunti, na kikundi kikienda na barua kinasikilizwa kuliko mtu mmoja.

Na mikono inawiwe kwa sabuni baada ya kushika mbwa au udongo, na kabla ya kula. Watoto wasilambwe na mbwa usoni. Mbwa ni mlinzi, tunamheshimu kwa kazi yake, lakini mahali pake si kwenye kitanda wala kwenye sufuria.

MASWALI YA KUJADILI MKUTANONI

1. Katika mtaa au kijiji chetu, maini yaliyokataliwa yanakwenda wapi? Nani ameyaona kwa macho yake?

2. Kuna mtu kati yetu au katika jamaa zetu aliyewahi kupasuliwa kifuko cha maji? Picha yake ya mwisho ilipigwa lini?

3. Mwanachama akihitaji msaada mara ya pili kwa ugonjwa ule ule, tunamwangalia kwa macho gani? Tufanye nini ili asione aibu?

4. Tukitaka kuwapa mbwa wote wa mtaa dawa kwa siku moja, tutaanza kwa nani?

Jibuni swali la pili kwanza. Kama yupo mtu ambaye picha yake ya mwisho imepita mwaka mmoja, andikeni jina lake kwenye kitabu cha kikundi, na kabla ya mkutano kufungwa mkubaliane atakayemsindikiza hospitali na siku ya kwenda.